Nyongeza ya Barafu

Brainerd, Minnesota
26 Aprili 1987

Mpendwa Mjomba Orville,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Minot, na upepo wenu wa Dakota haujang'oa paa. Sisi wote hatujambo. Barafu ya ziwani imeshavunjika, na mume wangu Duane ameshindwa tena dau letu la kila mwaka. Aliapa mbele ya kanisa zima kwamba itangoja hadi Mei. Sasa ataosha vyombo mpaka Mei yenyewe ipite, na anaviosha vibaya makusudi ili nimwonee huruma. Simwonei.

Mama bado anagombana na nyonga yake. Daktari alimpa fimbo. Anaibeba kwapani kama gazeti, na ukimwuliza anasema anaizoesha.

Kirsten wetu ametimiza miaka sita na tayari ananisumbua kuhusu nyongeza. Jana alinikalisha jikoni akanifundisha inavyoliwa, kana kwamba mimi sikuzaliwa kwenye ziwa hili. "Mama, sikiliza. Unachukua mashimelo, ile nyeupe laini kama pamba. Unaitia kijiti. Unaichoma motoni. Halafu unaibana na chokoleti katikati ya biskuti mbili, chokoleti inayeyuka, unakula, unaomba nyongeza. Ndiyo maana inaitwa hivyo." Nikamwambia asubiri Agosti, mpaka Babu Orville awashe moto.

Basi hilo ndilo linalonifanya niandike. Ukoo mzima utakutana kibandani kwetu ziwani Jumamosi ya pili ya Agosti, kama kila mwaka. Nataka neno moja tu kutoka kwako: ndiyo. Mama anasema amekupigia simu mara nyingi hupokei. Anasema pia uje, ila zile mashimelo zako unazozichoma mpaka zinakuwa makaa ukazilie upande wa pili wa ziwa.

Mpwa wako,
Marlys


Minot, North Dakota
19 Mei 1987

Mpwa wangu Marlys,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi, nikaiweka mezani, ikawa inaniangalia. Nisamehe. Ninaendelea vizuri. Upepo umevuma wiki nzima. Kofia ya jirani yangu Bi Delphine Skaar iliruka alipokuwa akitoka kanisani na hatujaiona tena. Nadhani kuna Mkanada ng'ambo ya mpaka ameivaa.

Mwambie Ardis simu yangu ina kasoro, inakwaruza. Akiwa na jambo aandike. Dada yangu akiandika huwa na adabu zaidi kuliko akisema.

Nyumbani nimefanya mageuzi. Lile jiko la kuni nimempa kijana wa Bi Skaar, majivu yamenichosha. Sasa nina hita ya umeme. Haina mazungumzo, lakini inatimiza kazi. Kiko nacho nimekiacha. Mama yako aliniomba hivyo tangu siku ya harusi yangu, kwa hiyo ashangilie.

Kuhusu Agosti, sidhani nitaweza. Gari langu giaboksi imechoka na fundi anatikisa kichwa kila nikimtembelea. Duane anaweza kuwasha moto. Mwambie aanze na magome makavu, aweke vijiti vyembamba juu yake, asimwage petroli kama mtu wa mjini.

Mjomba wako,
Orville


Brainerd
31 Mei 1987

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Shule inafungwa wiki hii na mikono yangu inanuka vitunguu ninavyowapikia watoto mia nne. Nashukuru Mungu kwa mwezi Juni.

Habari ya giaboksi nimeisikia, na Duane pia. Anasema atakuja mwenyewe na gari letu Alhamisi ya wiki hiyo ya Agosti, atalala kwako, mtaondoka Ijumaa asubuhi. Nilimweleza kuhusu petroli. Alikasirika, kisha akauliza, "Kwani aliniona?"

Pamoja na barua hii napeleka keki ya matunda kwa ajili ya siku yako ya kuzaliwa. Mishumaa imefungwa pembeni. Mama ndiye aliyepima unga, kwa hiyo kama ni nzito, lawama zielekezwe kwake.

Marlys


Minot
22 Juni 1987

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante kwa keki. Bi Skaar aliila kama mtu aliyetoka kifungoni, akaniachia nusu kwa heshima. Mishumaa sikuiwasha. Mtu wa umri wangu akiwasha mishumaa yake yote, majirani wataita zimamoto.

Duane asisumbuke. Ukweli ni kwamba nyanya zangu mwaka huu zimekuja vizuri, na Agosti ndipo zinapohitaji mtu. Nikiziacha siku mbili katika jua hili nitarudi nikute kamba. Msinihesabu safari hii. Nitakuja mwaka mwingine.

Orville


Brainerd
28 Juni 1987

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Leo sina habari nyingine za kutanguliza, kwa hiyo naomba radhi kwa kuingia moja kwa moja.

Mjomba, wewe hukuwahi kujali nyanya. Mkeo, Shangazi Inga, Mungu amrehemu, ndiye aliyezipanda, na wewe ulikuwa ukizikanyaga ukipeleka takataka. Mwezi uliopita tatizo lilikuwa gari. Tulipolitatua gari, zikaja nyanya. Nikituma mtu amwagilie nyanya, naona utaniletea ng'ombe.

Nimeketi na barua zako zote mbili. Umetoa jiko la kuni. Umeacha kiko, wewe! Hukuwasha mishumaa. Na simu hupokei, kwa sababu nadhani mtu akikusikia anaweza kusikia unavyohema. Nafanya kazi na LaVonne jikoni shuleni. Mumewe alipowekewa mtungi wa oksijeni, kitu cha kwanza walichoondoa nyumbani ni kila kinachowaka. Sisi tuliokwenda kumtazama tuliambiwa viberiti tuviache garini.

Una mtungi, Mjomba? Nikiwa nimekosea, nicheke kwa barua ijayo na nitakuletea keki nyingine. Mama sijamwambia neno.

Marlys


Minot
3 Julai 1987

Marlys,

Hujakosea.

Ni tangu Februari. Ni vumbi la ngano, miaka yote ile niliyofanya kazi kwenye maghala. Daktari anasema mapafu yangu yamekuwa kama gunia la zamani. Nina mtungi mkubwa chumbani na mdogo wa kubeba begani, na mpira mwembamba unaoingia puani. Siumwi. Natembea, nakula, natukana redio. Ila kupanda ngazi ni safari, na karibu na moto siruhusiwi kabisa. Oksijeni haina utani na cheche.

Sasa fikiria. Moto wa ziwani ninauwasha mimi tangu mama yako akiwa msichana wa kusuka nywele. Nikija, itakuwa moja kati ya mawili. Ama nitakaa mbali garini, dirisha limefungwa, kama mbwa aliyekosea. Ama mtauzima moto kwa ajili yangu, na watoto waliosubiri nyongeza mwaka mzima watageuka waniangalie mimi na mpira wangu. Ninawajua watoto. Hawatasema kitu, mama zao watakuwa wamewafinya.

Hapa Minot nimezoea kutoka wakati watu hawapo. Huko hakuna wakati ambao watu hawapo. Niache, mpwa wangu. Na Ardis asijue.

Orville


Brainerd
12 Julai 1987

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa kuniambia. Nililia kidogo, kisha nikaenda kutafuta ile mashine ya aiskrimu ya Bibi, ile ya ndoo ya mbao na mkono wa kuzungusha. Ilikuwa ghalani, panya wamezaa ndani yake. Nimewahamisha.

Wazo langu ni hili. Watoto hawaupendi moto, wanaipenda nyongeza. Nyongeza ikiweza kuliwa ikiwa barafu, wewe utakaa barazani juu kule, upande upepo unakotoka, mbali na ufuo, na mashine mbele yako. Anayetaka nyongeza atakufuata wewe. Wenye kutaka moto wawashe wao huko chini. Hakuna atakayezima kitu.

Tatizo ni kwamba hailiki. Nilifuata utaratibu wote. Nilichemsha maziwa, krimu, sukari na viini vya mayai kwa moto mdogo. Nikachoma mashimelo kwenye oveni, nikaziyeyusha humo. Nikapoza usiku kucha. Kesho yake nikatia chokoleti iliyokatwakatwa na biskuti zilizovunjwa, Duane akazungusha mashine katikati ya barafu na chumvi ya mawe mpaka akaanza kuomba msamaha wa dhambi ambazo hata sikuzijua.

Kirsten alionja akasema, "Mama, haya ni maziwa yaliyolala." Mama yeye alionja kijiko kizima, akafikiri, akasema, "Ina ladha ya baridi." Biskuti zimekuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Chokoleti ni kokoto, Duane anadai imemlegeza jino.

Mashimelo nilizichoma vizuri, Mjomba, rangi ya dhahabu kila upande, kama Mama alivyotufundisha. Sasa sijui nimekosea wapi. Shangazi Inga alikuwa akitengeneza aiskrimu ya kanisa. Je, unakumbuka chochote?

Marlys


Minot
17 Julai 1987

Marlys, mtoto wa Ardis kweli wewe,

Marahaba. Umekosea pale pale ulipomfuata mama yako.

Rangi ya dhahabu! Ukoo wenu wote mnageuza kijiti taratibu kama mnamwogesha mtoto, halafu mnasifiana. Mashimelo ya dhahabu ni sukari ya moto, basi. Ikiwa ya moto mdomoni unadanganyika. Igandishe uone kama kuna kitu kimebaki. Inga alikuwa akisema ulimi ukipigwa baridi unakuwa kiziwi, lazima umpigie kelele. Yeye mchanganyiko wake, kabla ya kuganda, ulikuwa mtamu mpaka meno yanauma. Ukishaganda, ndipo unakuwa sawa.

Kwa hiyo choma. Choma mpaka ziwe nyeusi juu, zipate uchungu, nyumba inuke kambi. Nusu nyeusi kabisa, nusu kahawia. Usiogope. Kidogo cha chumvi pia.

Biskuti usizitie mbichi. Zivunje, zikaange kwenye siagi na sukari mpaka kila kipande kivae koti, ziache zipoe, uzitie mwisho kabisa mashine inapokaribia kugoma. Siagi inazuia maji. Chokoleti iyeyushe na kijiko cha mafuta ya kula, uimimine nyembamba kama uzi huku mtu anazungusha. Inakatika yenyewe vipande vyembamba, na mafuta yanaifanya ilegee mdomoni. Inga alifanya hivyo kila Julai na wanawake wa kanisani hawakuwahi kuambiwa. Sasa umeambiwa wewe.

Usidhani hii ni ahadi ya kuja. Nimeshindwa tu kuvumilia kuona krimu nzuri inaharibiwa.

Orville

Tena: Duane azungushe polepole mwanzoni. Akiharakisha atapata siagi badala ya aiskrimu.


Brainerd
26 Julai 1987

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tupo hai, na nyumba imesimama. Nasema hivyo kwa sababu jana asubuhi ilikuwa si hakika.

Nilizipanga mashimelo kwenye sinia, nikawasha moto wa juu wa oveni, nikajizuia. Mjomba, ni vigumu kuliko unavyodhani. Mkono wangu ulikwenda mara kadhaa kuzitoa zikiwa dhahabu. Zilipokuwa nyeusi zikashika moto kweli, moshi ukajaa, na Mama akaingia jikoni na fimbo yake, safari hii akiitembelea.

"Unaunguza nyumba ya mumeo?"

"Naunguza mashimelo, Mama."

"Naziona! Zitoe!"

"Bado."

"Bado nini? Zishakuwa makaa hizo! Duane! Duane, njoo umwone mkeo!"

Duane akaja, akachungulia, akarudi zake kwenye mashua. Anajua siku za kujificha.

Mengine yote nilifanya kama ulivyosema. Jioni tukakaa tukala. Kirsten alishika bakuli kwa mikono miwili akanipa mgongo, ili asiombwe. Ina moshi, Mjomba. Ina ule uchungu wa mwisho, biskuti inavunjika kwa sauti, chokoleti inakuja ikichelewa kidogo. Ukifumba macho umekaa kwenye gogo ufukoni na magoti yanaungua.

Mama alionja. Akaweka kijiko chini.

"Hii ni ya Orville," akasema. "Hakuna mtu mwingine duniani anayechoma hivi. Mmeandikiana?"

"Ndiyo, Mama."

"Ana nini kaka yangu?"

Nikaanza kukusanya vijiko. Akaniuliza tena, nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alimaliza bakuli lake, akaliosha, akaenda kulala jua halijazama.

Siri yako ni yako na sitaitoa. Lakini anakaa na simu mapajani, Mjomba, na hapigi, kwa sababu anaogopa hutapokea.

Marlys


Minot
31 Julai 1987

Marlys,

Nimempigia Ardis. Alinitukana, kisha akalia, kisha akakumbuka tusi alilolisahau. Baada ya hapo tukazungumza kama watu. Anasema nilimficha kwa kiburi. Nikamwuliza fimbo yake iko wapi. Akakata simu, akapiga tena.

Duane aje Alhamisi. Nina masharti. Moto uwashwe huko chini kama kawaida, mkubwa, na mtu yeyote asije kuniuliza kama ni sawa. Mashine iwe barazani. Na watoto wasifinywe. Mwenye swali kuhusu pua yangu aniulize mimi.

Orville


Minot
7 Septemba 1987

Mpwa wangu Marlys,

Natumaini mko salama, na Kirsten ameanza shule bila kumfukuza mwalimu. Duane naye mwambie jino lake nimeliombea. Mimi nilifika salama, mitungi yote miwili haikuvuja, na nyanya zimekufa. Sikuhuzunika.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua niseme nini. Nilitaka kukushukuru, lakini kila nikianza naona naandika kadi ya duka. Basi nitakueleza tu nilivyoona kutoka kwenye kiti changu.

Mlipowasha moto kule chini niliutazama kupitia miti, nikaona Duane ameweka magome vizuri, nikasema moyoni sawa. Kisha nikaanza kusubiri watoto wanitazame. Wakaja wote kwa mkupuo. Kirsten akasimama mbele yangu, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi Wisconsin, "Babu, hiyo kamba puani inauma?" Nikamwona mama yako anafumba macho. Nikasema haiumi, inawasha tu nikicheka. Akasema, "Basi usicheke," akashika mkono wa mashine. Baada ya hapo hakuna aliyeutaja tena mpira wangu. Waligombania zamu, mmoja akamwaga chumvi ya mawe kwenye viatu vyangu, na yule mtoto mrefu wa binamu yako akazungusha kwa fujo mpaka nikampigia kelele kama zamani. Sikujua kama bado ninazo kelele. Nilihema baadaye, lakini nilizitoa.

Ukaniona ukadhani nalia Ardis alipoleta bakuli lake la tatu. Sikuwa nalia. Alikuwa amenipokonya kijiko.

Sasa sikia la juzi. Kuna mgahawa hapa karibu na reli, wazee tuliofanya kazi maghalani hukutana asubuhi kunywa kahawa. Sikuwa nimekanyaga pale tangu majira ya baridi, nilikuwa nikituma neno kwamba nina shughuli. Jumamosi nilivaa kofia, nikatundika mtungi begani, nikaenda wakati mgahawa umejaa. Nilisimama mlangoni kwanza, nikasoma lile bango linalosema wavutaji sigara wanakaribishwa. Nikakaribia kurudi. Kisha nikafungua mlango nikabaki pale pale kizingitini.

Watu wakageuka kunitazama. Clayton Bakke, ambaye hajawahi kuzuia mdomo wake tangu azaliwe, akaniita kutoka meza ya nyuma.

"Orville! Hiyo nini puani?"

"Hewa," nikamwambia. "Wewe unapewa bure. Mimi naletewa na gari mpaka mlangoni."

Wakacheka wote. Clayton akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake, nikuambie, si kizuri hata kidogo. Nikamwambia, "Baki huko huko na sigara yako, nami nitakunywa kahawa nyumbani. Hiki kitu na moto havikai chumba kimoja." Nilikuwa nimeshageuka. Akaitazama sigara, akanitazama mimi. Halafu akaizima kwenye kisahani. Aliyekuwa karibu naye akazima yake. Ikaenda hivyo meza kwa meza, hadi mhudumu akachukua visahani vyote vya majivu akavipeleka nyuma na kufungua madirisha.

Walikuwa wamezima moto kwa ajili yangu, Marlys. Kile kile nilichokuwa nikikikimbia tangu Februari. Nikasimama pale nikingoja nione aibu.

Clayton akasukuma kiti kwa mguu. "Unangoja nini, mzee? Kahawa inapoa."

Nikaingia, nikakaa.

Mjomba wako,
Orville